Losheni ya Jioni

Binti yangu anasoma chuo Nyegezi, na mwisho wa wiki hurudi nyumbani na begi la nguo chafu. Jumamosi moja alinawa uso kwa sabuni, akaufuta, akakaa kwenye kochi bila kupaka kitu chochote. Nilimwuliza anasubiri nini. Akasema anapima ngozi. Alinieleza kwamba ukishanawa unauacha uso hivyo hivyo kwa muda, kisha unabandika karatasi laini kwenye paji, pua na mashavu. Karatasi ikilowa mafuta kote, ngozi yako ni ya mafuta. Ikitoka kavu na uso unakaza, ngozi ni kavu. Ikilowa sehemu ya paji na pua tu, ni mchanganyiko. Nilipenda utaratibu wake. Mtu anayepima kabla ya kununua huwa namheshimu, hata kama ni mwanangu.

Alipomaliza kupima akafungua chupa ya losheni ya kuzuia jua na kuminya kidogo kwenye kifundo cha mkono. Harufu ilinifikia nilipokuwa nimekaa. Ilikuwa kama nazi iliyochanganywa na chaki iliyolowa. Nilitoka nikasimama uani mpaka ikapungua, na binti yangu akadhani nimekwenda kufungia kuku.

Harufu ile niliijua kabla sijajua kusoma sawasawa. Kwetu ilikuwa harufu ya saa moja jioni, vyombo vikiwa vimeoshwa, na dada yangu Milembe akiwa amekaa kwenye kigoda huku mama akimpaka.

Tuliishi Pasiansi, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea jiwe kubwa kama zilivyo nyumba nyingi za Mwanza. Baba alifanya kazi machimboni Geita na alirudi mara chache, kwa hiyo hatoonekana sana katika habari hii. Mama alikuwa Msukuma wa Kisesa. Alikuja mjini akiwa mkubwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia na kuuzia tu. Akiwa na jambo zito alirudi kwenye Kisukuma. Kazi yake ilikuwa kukausha dagaa. Alinunua kwa ndoo alfajiri mwaloni, pale mitumbwi ilipotia nanga, akawaanika kwenye mchanga na juu ya mawe, akawageuza, na jioni akawazoa wakiwa wamekauka.

Mama naye alikuwa na kipimo chake cha ngozi. Kabla hatujatoka asubuhi alikuvuta mkono na kukukwaruza kwa ukucha, kuanzia kwenye kiwiko kuteremka. Mstari ukibaki mweupe, umepauka, na mtoto aliyepauka barabarani ni aibu ya mama yake. Hapo unapakwa mafuta ya mgando mpaka ukucha upite bila kuacha alama. Kwa mama, watu walikuwa wa namna mbili: wenye ngozi inayokunywa mafuta na wenye ngozi inayoyaacha juu. Yangu ilikunywa. Alizoea kusema mimi ni kenge aliyepotea njia ya ziwani, na jirani zetu walicheka, nami nilicheka kwa sababu kenge ni mnyama mwenye nguvu.

Milembe hakuwa wa namna yoyote kati ya hizo. Alizaliwa na ualbino. Wakati ule hatukulijua neno hilo, na neno lililotumika mtaani sitaliandika hapa. Mama aliwahi kusimulia kwamba alimkwaruza mara moja tu alipokuwa mchanga. Mstari haukuwa mweupe, ulikuwa mwekundu, ukakaa mchana kutwa. Hakurudia tena. Kutokana na jaribio hilo moja mama alitoa hitimisho, na hitimisho lenyewe halikuwa la kijinga: ngozi ya mtoto huyu ni nyembamba, inahitaji kushibishwa. Kwa hiyo Milembe alipakwa mafuta ya mgando kuliko sisi wote. Alitoka nyumbani aking'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa, na watu walimsifu mama kwamba anamtunza.

Nimesoma sana kuhusu ngozi tangu wakati huo. Sikusomea udaktari. Nilijifunza Kiingereza kwa kamusi, nikasoma kila kitabu cha tiba nilichoweza kuazima. Nimejifunza kwamba kugawa ngozi kwa ukavu na mafuta ni kipimo kimoja tu, na kwamba wataalamu wana kingine kinachouliza swali tofauti kabisa: jua likikupiga, unafanyaje? Wako wanaozidi weusi bila kuungua, wako wanaoungua kidogo kisha wanazidi weusi, na wako wanaoungua kila mara na hawazidi weusi kamwe. Dada yangu alikuwa wa hao wa mwisho. Mafuta ya mgando hayazuii jua. Yalilainisha ngozi iliyokuwa inaungua, basi.

Milembe aliacha shule mapema kwa sababu hakuona ubaoni. Macho yake yalichezacheza, na mwalimu alidhani anamdharau. Alipobaki nyumbani, mama alimhurumia na kumpa kazi nyepesi kuliko zote za mwaloni. Wengine tulibeba mabeseni, tulichota maji, tulichambua takataka. Milembe alikaa. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya jiwe akiwafukuza yangeyange na kunguru wasile dagaa. Alikuwa na kijiti na kanga moja aliyojifunika kichwani, na kanga ile iliteleza kila alipoinua mkono. Alikaa pale tangu jua linapochomoza mpaka dagaa wazolewe. Mawe yalipokea jua na kumrudishia kutoka chini. Mimi niliona wivu. Nikiwa na beseni kichwani, maji ya dagaa yakinichuruzikia shingoni, nilimtazama amekaa kama malkia na kijiti chake, nikaona mama ana upendeleo.

Naye alijua nina wivu. Nikipita aliniambia, "Kenge, ukichoka njoo tubadilishane rangi." Kisha anawatupia yangeyange jiwe, anakosa, anacheka.

Usoni na mikononi alikuwa na madoa ya kahawia ambayo yaliongezeka kila mwaka. Mimi nilikuwa na nadharia kuhusu madoa yale. Niliamini weusi wake ulikuwa umechelewa na sasa unatokeza kidogo kidogo, kama mvua inavyoanza kwa matone, na siku moja yataungana awe kama sisi. Nilimwambia. Alitazama mikono yake kwa karibu sana, kama alivyotazama kila kitu, akasema itabidi nimsubiri kidogo.

Sasa niseme jambo ambalo mtu asiyeujua uvuvi wa dagaa hataweza kulijua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, taa haina nguvu, kwa sababu ziwa lote lina mwanga. Kwa hiyo wavuvi huenda wakati wa giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi. Maisha yetu yalifuata utaratibu huo. Wakati wa giza tulishinda mwaloni sote. Mbalamwezi ikija, mitumbwi ilipandishwa mchangani, wanaume wakashona nyavu, na mama akabaki nyumbani akishughulika na shamba dogo la nyuma ya jiwe.

Ngozi ya Milembe ilifuata utaratibu huo huo. Wakati wa giza midomo yake ilipasuka, pua ikatoka maganda, shingo na masikio vikawa vyekundu na kutoa maji. Mbalamwezi ikija alipona. Maganda yalidondoka, wekundu ukafifia, akaweza kulalia upande wowote. Ilikuwa hivyo mwezi hadi mwezi, na mama, ambaye alikuwa mwangalifu wa mambo, aliligundua hilo. Nami niligundua. Tukahitimisha, kila mtu kwa njia yake, kwamba mwezi ni dawa.

Hatukukosea katika kuona. Tulikosea katika sababu. Kilichomponya hakikuwa mwezi kuwaka usiku, kilikuwa kutokwenda mwaloni mchana. Lakini mtu anayeona kitu kikipona kila mwezi unapokuwa mkubwa, na hajui kingine cha kufikiria, ataufikiria mwezi. Mama alianza kumtoa Milembe nje baada ya chakula, akae uani shingo ikiwa wazi, mwanga ule wa baridi umwangukie. Nilikaa naye. Tulikuwa tunautazama mwezi na kuona umekaa vizuri.

Katika hali hiyo ndipo losheni ilipofika nyumbani kwetu.

Kwenye zahanati tuliyokwenda kwa homa za kawaida alikuja sista mmoja mgeni kutoka Ulaya, mwembamba, mwenye kofia pana. Uso wake ulikuwa mwekundu na pua inatoka maganda, kama ya Milembe wakati wa giza. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani ni ndugu wa upande wake na amekuja kumchukua. Nilimshika Milembe nguo. Sista yule alimtazama dada yangu kwa muda mrefu, akaingia ndani, akatoka na chupa nyeupe yenye maandishi ya lugha ambayo hakuna mtu mtaani aliyeijua. Kiswahili chake kilikuwa kichache kama cha mama. Alisema, "Mpake kila siku. Kila siku, mama." Mama alisema ndiyo, sista. Walielewana kabisa. Hakuna aliyetaja saa, kwa sababu kila mmoja aliijua.

Mama alikuwa na sababu zake, na mimi nikizipitia leo sioni pa kuzivunja kwa akili aliyokuwa nayo. Mafuta ya asubuhi ni kwa ajili ya watu wanaokuona. Dawa ni kitu kingine. Dawa haipakwi mtu akaenda kutoka jasho, ikadondoka na kushika mchanga na magamba ya dagaa. Dawa hupakwa mwili ukiwa safi, umetulia, ilale nao. Tena huyu mtoto tulishaona anapona usiku, mwezi ukiwa juu. Kwa hiyo losheni ilipakwa jioni baada ya kuoga. Asubuhi mafuta ya mgando, jioni losheni.

Namkumbuka mama akifanya kazi ile. Alinawa mikono kwanza kwa ndimu ili harufu ya dagaa itoke. Aliminya kidogo tu kiganjani, akasugua viganja vipate joto, kisha akaanza na masikio, akafuata shingo, mashavu, na pua mwisho. Hakuacha mahali. Hakuwa mwanamke wa kubembeleza, hakutukumbatia, hakutusifia. Lakini saa ile alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, na Milembe alifumba macho. Mimi nilikaa karibu ninuse. Chupa ikiisha tulirudi kwa sista, naye alitazama uso wa dada yangu, akakunja kipaji, akatoa nyingine. Nadhani alijiuliza kwa nini dawa yake haifanyi kazi. Hakuuliza, au aliuliza kwa maneno ambayo hatukuyaelewa, na mama akajibu tena ndiyo. Baadaye alirudi kwao moja kwa moja. Alituachia chupa chache za mwisho ndani ya mfuko wa nailoni.

Kidonda cha nyuma ya sikio kilianza kama vidonda vingine. Tofauti ilikuwa moja tu: mbalamwezi ilikuja, na hakikupona. Mama alisubiri nyingine. Milembe alikuwa amekwisha kuwa msichana mkubwa, anajisuka mwenyewe, na alianza kusuka nywele zishuke upande ule. Kidonda kiliinuka kingo, katikati kikawa shimo. Kilipoanza kunuka, mama aliongeza losheni.

Tulikwenda hospitali kubwa ya kilimani kipindi cha kiangazi. Mimi nilikuwa darasa la sita. Muuguzi alisema aingie mtu mmoja na mgonjwa, na mama akanisukuma mimi. Akasema, wewe umesoma, utasikia vizuri. Yeye akabaki kwenye benchi na kapu la chakula magotini.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyechoka. Alimgeuza Milembe kichwa, akamgusa chini ya taya, akagusa tena mahali pale pale. Kisha akakaa kuandika, akawa anauliza bila kuinua macho. Kofia anavaa? Milembe akasema anavaa kanga. Kazi yake? Akasema analinda dagaa. Losheni amewahi kupata?

"Napaka, daktari. Kila siku," akasema Milembe. Alilisema kwa fahari kidogo, kwa sababu ni wachache waliokuwa nayo.

"Vizuri. Asubuhi saa ngapi?"

"Jioni. Nikishaoga."

Daktari aliacha kuandika. "Jioni unakwenda wapi?"

"Kulala."

Alinitazama mimi, kana kwamba ningemsahihisha. Kisha akazungumza polepole, bila ukali wowote. "Binti, ile ni ya kuzuia jua. Inapakwa asubuhi kabla hujatoka, na mchana unarudia. Usiku haina kazi. Nani aliwaambia jioni?"

Nilimwona Milembe anafikiri. Macho yake yalikuwa yanachezacheza kama siku zote, na ungedhani anatafuta kitu ukutani.

"Mimi mwenyewe," akasema. "Asubuhi nilikuwa naona uvivu."

Daktari aliandika hilo. Kisha akasema kile si kidonda, ni kansa, na kwamba imeshuka kwenye tezi za shingo. Alisema wangeweza kukata, lakini ingebakia. Alisema kuna mashine ya mionzi Dar es Salaam. Alieleza safari ya kwenda huko na muda wa kukaa, akatazama nguo zetu, akasema kwamba hata huko hawezi kutuahidi.

Nje kulikuwa na ukumbi mrefu, na kabla ya kufika kwenye benchi la mama kulikuwa na bomba la kunawia. Milembe alisimama hapo akafungua maji, akayaacha yakimwagika.

"Mama asijue hii ya asubuhi," akasema.

"Daktari kasema..."

"Nimemsikia, si tulikuwa wote? Akijua itamsaidia nini? Mikono yake ndiyo iliyokuwa inapaka. Ukimwambia atakaa anaitazama mpaka afe." Alifunga bomba. "Sema umesikia."

Nilisema nimesikia.

"Na usilie hapa. Watakulaza wewe waniache mimi."

Mama alipotuona aliinuka. Aliniuliza kwa Kisukuma daktari amesemaje. Nilisema amesema kidonda ni kikubwa. Milembe akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba amesema tuendelee kupaka. Mama akashusha pumzi. Alifungua kapu pale pale akatugawia viazi, na alikula na yeye.

Njiani nilimnong'oneza Milembe kwamba tungeweza kupaka asubuhi kwa siri, nikimsaidia. Aliuliza, kwa jua lipi? Hakwenda tena mwaloni. Miguu ilikuwa imeanza kumkataa, na shingo ilivimba kiasi kwamba hakuweza kuigeuza. Alikaa ndani kwenye giza la chumba cha pili, mahali ambapo, kama angekaa hapo tangu utoto wake, huenda angekuwa hai leo. Ninapolifikiria hilo silioni kuwa na faida yoyote. Mtoto hawezi kuishi chumbani. Nalitaja kwa sababu ni kweli.

Na jioni alipakwa. Mama alikuja na ndimu yake na chupa yake, akaanza na sikio zima, akazunguka ule uvimbe kwa ncha ya kidole. Nilikuwa nakaa karibu kama zamani, lakini sasa sikuweza kuvumilia ile harufu. Nilimtazama dada yangu nikingoja uso wake uonyeshe kitu. Haukuonyesha. Alifumba macho kama alivyofanya siku zote. Mara nyingine alisema inapoza, na mama alifurahi.

Alifariki wakati wa giza, mwaloni kukiwa na dagaa wengi. Tulimzika Kisesa. Siku hizi watu wakizungumzia watu waliozaliwa kama dada yangu katika mkoa wetu, huzungumzia mapanga na waganga, na wana haki ya kuzungumzia hayo, kwa sababu yalitokea. Lakini Milembe hakuguswa na mtu mbaya hata mmoja. Aliuawa na jua, kwenye kazi nyepesi aliyopewa kwa huruma, katika nyumba iliyokuwa na kinga yake kwenye chupa.

Mama alirudi mwaloni. Alifanya kazi bila kuzungumza. Jirani waliacha kumsemesha, siyo kwa ubaya, ila kwa sababu majibu hayakuja.

Kisha Mama Shija, mwanamke aliyeanika dagaa jiwe la pili kutoka letu, alijifungua mtoto wa kike, na mtoto alikuwa na ualbino. Mume wake aliondoka kwenda Ukerewe, hakusema anarudi lini. Watu walikwenda kumpongeza na kutoka upesi. Siku moja alasiri alikuja kwetu, mtoto akiwa mgongoni amefunikwa na kitenge. Mimi nilikuwa kizingitini nachambua mchele. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama, akaingia, akamwambia mama, "Mama Milembe, wewe ndiye uliyelea. Nifundishe."

Mama alimtazama. Kisha akainuka, akaingia chumba cha pili, na nilimsikia anavuta sanduku. Alitoka na chupa ya mwisho, imebaki kama nusu. Alikaa karibu na Mama Shija, akampokea mtoto, akamfunua. Na akaanza kuzungumza. Sikuwa nimemsikia mama akizungumza maneno mengi namna ile tangu tulipotoka makaburini. Kiswahili kilipomwishia aliingiza Kisukuma. Unamwogesha, akasema, unamkausha, hasa nyuma ya masikio, hapo usipasahau kabisa. Unanawa mikono kwa ndimu. Unachukua kidogo, unaipasha joto kiganjani. Alikuwa anaonyesha kwa mikono, na mtoto alikuwa ametulia mapajani pake. Uso wa mama ulikuwa umefunguka.

"Halafu unampaka akiwa anakwenda kulala," akasema. "Mchana usithubutu, itatoka yote na jasho."

Mchele ulikuwa magotini kwangu. Nilimtazama mtoto. Masikio yake yalikuwa madogo na mekundu kidogo, kwa sababu ya njia aliyopitishwa kuja kwetu.

"Ni asubuhi," nikasema.

Mama Shija aligeuka akatabasamu, kama watu wanavyotabasamu mtoto akiingilia mazungumzo. "Huyu naye," akasema.

"Inapakwa asubuhi, kabla ya kutoka. Na mchana unarudia. Usiku haina kazi." Nilikuwa natazama mchele. "Daktari alisema."

Nilingoja mama anigombeze. Hakunigombeza. Aliuliza daktari gani, nikasema wa kule kilimani. Nilisikia watoto wanapita nje wakikimbiza tairi. Kisha mama akampa Mama Shija mtoto, na chupa juu yake, akasema, "Msikilize anavyosema."

Ikabidi nirudie. Nilisema yote niliyoyakumbuka, na niliyoyaelewa mwenyewe baadaye: asubuhi na mchana, kofia pana na siyo kanga, nguo za mikono mirefu, asikae juani, asiwekwe kulinda dagaa hata akiwa mkubwa. Mama Shija alisikiliza, na tabasamu lilikuwa limekwisha. Aliinua chupa akaitazama dhidi ya mwanga wa mlangoni.

"Na hii ikiisha?"

Mimi sikujua. Sista alikuwa ameondoka, na madukani mjini, wakati ule, kitu kile hakikuwepo. Mama Shija alimfunga mtoto mgongoni, akashukuru, akaondoka kwa njia ile ile ya juani, maana njia nyingine haikuwepo. Muda si mrefu alihama, nilisikia alikwenda kwa ndugu zake upande wa Sengerema. Habari za mtoto sikuzipata, ingawa nimeuliza.

Alipotoka, mama alibaki amekaa alipokuwa. Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja juu, jinsi ilivyobaki baada ya kumtoa mtoto. Mimi sikuacha kuchambua mchele.

"Daktari aliposema hivyo," akauliza, "Milembe alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Akasikia."

"Alisikia, mama. Alinikataza nisikwambie."

Nilidhani mazungumzo yamekwisha, nikainuka na ungo wangu ili niende jikoni. Ndipo akazungumza, kwa Kisukuma, bila kunitazama.

"Ile jioni ya mwisho mimi nilisahau," akasema. "Nilitoka mwaloni nimechoka, nikajilaza. Ni yeye aliyeniita. Akaniambia, mama, hujanipaka."